Wamebaki Watatu: Miaka Yangu ya Kucheza Gemu kwenye Linux

Kuna sanduku la gemu ninalolitunza kabatini mpaka leo. Ndani mna diski moja, kijitabu cha maelekezo ambacho kurasa zake zimeanza kulegea, na kadi yenye namba ndefu inayothibitisha kwamba niliinunua kihalali. Diski haina hata mkwaruzo. Namba inasomeka. Gemu haifunguki.

Haifunguki kwa sababu kila nikiiwasha huiuliza seva fulani kama mimi ndiye mwenye haki ya kuicheza, na seva hiyo ilishazimwa na kampuni iliyoiuza. Swali linakwenda, jibu halirudi. Niliwaandikia. Wakanijibu kwa adabu kwamba bidhaa hiyo haihudumiwi tena. Humo nilikuwa na michezo zaidi ya 60 niliyoihifadhi, miji niliyoijenga usiku baada ya usiku, mingine nimeipa majina ya watu ninaowapenda. Yote ipo kwenye kompyuta yangu, mizima kabisa, na hakuna programu inayokubali kuifungua.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwa muda mrefu methali hiyo niliiona kuwa ya watu wanaojikweza kwa vitu visivyo vyao. Siku ile niliisikia upya. Nilidhani nimenunua, kumbe nilikuwa nimeazimwa, na mwenyewe alikuwa amekuja kuchukua chake. Sasa nacheza gemu kwenye Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, kila wiki, na sanduku lile ndilo jibu langu mtu akiniuliza kwa nini nijisumbue. Wengi hutarajia niseme kwamba ni bure. Ubure ni mzuri, lakini haukunileta huku. Nililetwa na hamu ya kujua kama ipo gemu ambayo mlango wake haufungwi na mtu mwingine nikiwa bado ndani.

Sikuhama siku hiyohiyo. Hasira peke yake haimhamishi mtu. Nilihama pale kompyuta yangu ilipoambiwa kwamba haina sifa za kupokea toleo jipya la mfumo endeshi wake, ilhali ilikuwa nzima na ina nguvu za kutosha kwa kila kazi niliyoipa. Nikapakua Linux, nikaiweka kwenye fleshi, nikaiwasha kutoka humo bila kugusa diski, na nilipoona sauti, skrini na mtandao vinafanya kazi, nikaisakinisha jioni ileile.

Nilianza na distro gani, yaani Linux iliyofungashwa na nani, kwa hilo sitatumia muda. Ziko nyingi, zilizo nzuri ni nyingi vilevile, na mabishano ya distro yamewachosha wageni wengi kabla hawajacheza hata gemu moja. Jambo linalostahili kujulikana mapema ni kadi ya picha. Ukiwa na kadi ya AMD au Intel, draiva yake, yaani programu inayoiendesha, iko wazi, msimbo wake unasomwa na yeyote, na inakuja na mfumo wenyewe: sehemu moja imo ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, nyingine imo kwenye mradi uitwao Mesa, ambao Brian Paul aliuanza mwaka 1993. Huna cha kutafuta. Ukiwa na kadi ya NVIDIA, draiva kamili ya kampuni imefungwa na mara nyingi huongezwa kando, ijapokuwa Mei 2022 kampuni hiyo ilianza kufungua msimbo wa sehemu inayoingia kwenye kerneli. Zote nimezitumia na zote zilicheza gemu. Ila naamini kompyuta yenye draiva iliyo wazi huzeeka vizuri zaidi, kwa sababu siku kampuni itakapoichoka kadi yako, wapo wengine wenye uwezo na ruhusa ya kuendelea kuitunza.

Swali la kwanza la kila mtu ni hili: gemu imeandikwa kwa ajili ya Windows, itachezekaje kwingine? Mimi mwenyewe nilidhani kompyuta lazima ijifanye kompyuta nyingine, na kwamba kujifanya huko kutakula nguvu zote. Sivyo. Prosesa ni ileile. Maagizo ya kujumlisha, kulinganisha na kurukia hatua nyingine yanaeleweka na prosesa bila kujali mfumo endeshi uliopo. Kinachotofautiana ni maombi. Gemu haiwezi kufanya kila kitu peke yake. Muda wote inaomba. Nifungulie faili hii. Nichoree dirisha. Niongezee kumbukumbu. Kipanya kimesogea kwenda wapi? Inaomba kwa lugha ya Windows, na Linux haijui lugha hiyo.

Programu iitwayo Wine ndiye mkalimani aliyekaa katikati. Anapokea ombi, analigeuza liwe ombi ambalo Linux inalielewa, kisha anarudisha jibu kwa namna ambayo gemu inaitarajia. Mradi ulianza mwaka 1993, na tangu 1994 umeongozwa na Alexandre Julliard. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008. Ni miaka 15 ya kazi kabla hawajaridhika kuandika namba hiyo, na ukiijua kazi yenyewe hutashangaa. Maombi ya Windows ni maelfu, na walipaswa kuyajua bila kuuona msimbo wa Windows, kwa kusoma nyaraka na kuandika majaribio madogomadogo: tukiuliza hivi, Windows hujibu nini? Tukiuliza vibaya kwa makusudi, hukataa kwa maneno gani? Hata kukataa kulipaswa kufanana, maana zipo gemu zinazotegemea kukataliwa.

Napenda kuingia kwenye folda za Wine na kuchungulia. Ile diski C ambayo gemu inaamini kwamba inaishi humo ni folda ya kawaida tu, jina lake drive_c. Rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake, ambayo kwenye mfumo wake wa asili nilikuwa naiogopa kuigusa, hapa ni faili tatu za maandishi ninazoweza kuzifungua na kuzisoma. Halafu kuna vitu vidogo vyenye usumbufu mkubwa. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, Linux inatofautisha. Msanidi wa gemu aliandika Ramani.dat mahali pamoja na ramani.DAT mahali pengine, kwake vyote vikafanya kazi, akaenda kulala. Wine akishindwa kuiona faili kwa jina aliloambiwa, inabidi apekue folda nzima akitafuta ile ambayo gemu ilikuwa inaikusudia. Kila nikikumbuka kwamba kazi ya aina hiyo inafanyika mara nyingi wakati mimi naona tu farasi wangu akikimbia, nawashukuru watu ambao sitawaona.

Kwa miaka mingi tatizo kubwa lilibaki kwenye picha. Gemu za Windows huongea na kadi ya picha kupitia Direct3D, na kuipeleka Direct3D kwenye OpenGL, njia ya picha iliyotumika kwenye Linux, kulikuwa kama kutafsiri shairi: maana inapita, mizani inavunjika. Mwaka 2016 ikatoka Vulkan, njia mpya inayomwachia msanidi kuidhibiti kadi kwa undani zaidi. Kisha mtu mmoja, Philip Rebohle, akataka kucheza NieR: Automata kwenye Linux. Gemu hiyo ilitumia Direct3D 11, na hakukuwa na njia ya kuicheza vizuri. Akaanza kuandika DXVK, programu inayogeuza maombi ya Direct3D 11 yawe ya Vulkan. Valve, kampuni yenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, wakaiona kazi yake, wakamlipa aiendeleze, na Agosti 2018 wakatoa Proton, yaani Wine iliyofungwa pamoja na DXVK na marekebisho mengine mengi, ikawekwa ndani ya Steam ili mchezaji abonyeze tu na kucheza.

Habari hii namsimulia kila anayekubali kunisikiliza, kwa sababu waliotangulia walipita njia nyingine na wakakwama. Loki Software, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilikuwa ikihamisha gemu mojamoja kuja Linux kwa makubaliano na wenye gemu, na mwaka 2002 ikafungwa. Valve nao walileta Steam kwenye Linux Februari 2013, na mwishoni mwa 2015 zikaingia sokoni Steam Machines, kompyuta za gemu zenye Linux, ambazo ni wachache tu walizinunua. Gemu zilizoandikwa kwa ajili ya Linux zilikuwa chache, na wasanidi hawakuona sababu ya kuwaandikia wachezaji wachache. Njia zote mbili zilisimama mlangoni zikimwomba mwenye nyumba afungue. Rebohle hakuomba. Aliandika mkalimani. Na kwa kuwa msimbo wake uko wazi, hamu ya mtu mmoja ya kucheza gemu moja imefungulia wengine maelfu ya gemu. Steam Deck, ile kompyuta ya mkononi iliyoanza kuuzwa Februari 2022, inaendeshwa na Linux na inaegemea kazi hiyo. Wengi wanaoishika hawajui kwamba wanatumia Linux, na sioni ubaya wowote.

Upo mfano mwingine, wa kiufundi zaidi, lakini unanigusa. Gemu ya siku hizi hugawa kazi zake kwenye nyuzi: uzi mmoja unachora, mwingine unashughulikia sauti, mwingine unapakia ramani, na kila mara nyuzi hizo lazima zingojane. Windows ina utaratibu wake wa kungoja vitu vingi kwa mpigo, na Linux haikuwa nao kwa sura ileile. Hivyo Wine iliweka mwamuzi wa kando, na kila kungoja kukawa kunapita kwake. Foleni inakuwa ndefu. Palibuniwa njia za kuipunguza, mpaka Machi 2025, kerneli toleo la 6.14 lilipokuja na ntsync iliyokamilika, sehemu iliyoandikwa mahususi ili kuufuata utaratibu huo wa Windows. Kerneli ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991, inayoendesha seva na simu zisizohesabika, ilikubali kupokea kipande kipya ndani yake ili gemu za mfumo mwingine zingojane vizuri. Sijui ni lini tena niliwahi kuona kazi ya kucheza ikiheshimiwa namna hiyo.

Lakini kilichonibadilisha mimi si habari za wengine. Ni maji meusi.

Siku moja nilisasisha mfumo, nikafungua gemu niliyokuwa nikiicheza kwa miezi, na kila mto na kila ziwa ulikuwa mweusi ti. Nchi nzima ilikuwa kijani na mwanga wa jua, halafu katikati yake kumepita mashimo ya usiku. Zamani ningengoja. Ningetafuta kama kuna mwingine mwenye shida hiyo, ningekuta maswali yasiyo na majibu, ningezima kompyuta. Safari hii nikarudisha draiva ya picha ya toleo lililotangulia, maji yakang'aa. Nikaweka jipya; meusi. Basi kosa liko kati ya matoleo hayo mawili. Na kwa kuwa kila badiliko la msimbo limehifadhiwa pamoja na tarehe, sababu, na jina la aliyeliandika, niliweza kuyahesabu. Yalikuwa 1,900 na ushee.

Kuna amri iitwayo git bisect. Unaiambia: hapa palikuwa pazima, hapa ni pabovu. Inakupeleka katikati. Unajenga draiva kama ilivyokuwa hapo katikati, unafungua gemu, unatazama maji. Yakiwa mazima, kosa liko nusu ya pili. Yakiwa meusi, liko nusu ya kwanza. Kila jibu linaondoa nusu ya washukiwa: 1,900 wanakuwa 950, kisha 475, na baada ya mara 11 anabaki mmoja. Kila kujenga kulichukua kama dakika 20 kwenye kompyuta yangu. Nilianza saa mbili usiku. Nilikuwa nimeweka mchezo wangu kando ya ziwa ili nisipoteze muda kulitafuta, na kila mara nikifika pale nilikuwa napumua kwa nguvu kabla skrini haijafunguka. Saa saba usiku badiliko lenye kosa lilikuwa mbele ya macho yangu.

Lilikuwa na mistari kumi na kitu, lengo lake kuharakisha namna kadi inavyosoma umbali wa vitu katika picha. Sikulielewa hata nusu. Nikaandika taarifa: aina ya kadi, toleo la draiva, jina la gemu, picha mbili za ziwa, na namba ya badiliko. Nikaambatisha rekodi ya maombi yote ambayo gemu iliyatuma kwa kadi katika fremu chache, ili mtu asiye na gemu hiyo aweze kuyarudia kwake na kuona ninachokiona. Asubuhi nikakuta jibu. Aliyejibu ndiye aliyeliandika badiliko lile. Hakujitetea, hakuniuliza mimi ni nani wala nafanya kazi wapi. Alisema rekodi imemwonyesha alipokosea, akaniomba nijaribu kiraka, yaani rekebisho dogo la msimbo. Nikajenga mara ya 12, nikaenda ziwani. Maji yalikuwa yamerudi, na mawingu yanaonekana ndani yake.

Kiraka kile kilikuwa cha mistari minne. Kimo katika kila kompyuta iliyopokea toleo lililofuata, na chini ya maelezo yake imeandikwa kwamba tatizo liliripotiwa na mimi. Nilikisoma mara nyingi siku ile. Kwenye gemu ya sandukuni nilikuwa nimeandika barua na kujibiwa kwamba haihudumiwi tena. Hapa sikuhitaji kuhudumiwa na mtu, nilihitaji kuingia, na mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo.

Ipo milango iliyofungwa kabisa, na mtu anayefikiria kuhama anastahili kuambiwa. Gemu kadhaa za mtandaoni zenye ushindani hazichezeki. Valorant haichezeki kwenye Linux. Fortnite vilevile. Sababu ni programu za kuzuia wadanganyifu: baadhi yake hujiweka ndani kabisa ya kerneli ya Windows, mahali penye mamlaka juu ya kila kitu, na zinataka kerneli ambayo mwenye kompyuta hawezi kuibadilisha. Kwenye Linux mwenye kompyuta anaweza. Mwaka 2021 Easy Anti-Cheat na BattlEye, ambazo hutumiwa na gemu nyingi, zilitangaza kwamba zinaweza kufanya kazi na Proton, lakini ni lazima kila msanidi akubali kuiruhusu gemu yake, na si wote waliokubali. Wengine walikubali kisha wakaghairi. Nawaelewa wachezaji waliochoshwa na wadanganyifu. Nimeshindwa mechi na watu wanaoona kupitia ukuta, najua linavyouma. Bado siwezi kukubali kwamba dawa yake ni kumkabidhi muuza gemu funguo za kompyuta yangu nzima, pamoja na barua zangu na kazi zangu zilizomo. Lakini kama rafiki zako wote wanakutana ndani ya gemu ya namna hiyo, usihame kwa ajili ya maneno yangu. Baki na mifumo miwili kwenye kompyuta moja, na kabla ya kununua gemu nyingine yoyote pitia ProtonDB, ambako wachezaji wenyewe huandika gemu gani inakwenda vipi na kwenye kadi gani.

Sasa niseme kuhusu gemu ambazo zenyewe ziko wazi, maana huko ndiko moyo wangu ulikotua.

Doom ilitoka Desemba 1993. Desemba 1997 id Software wakautoa msimbo wake hadharani, na mwaka 1999 ukawekwa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Michoro, sauti na ramani zake zilibaki mali yao, na hilo ni jambo la kuzingatia: msimbo ni kitu kimoja, vilivyomo ndani ya gemu ni kitu kingine. Basi watu wakaunda Freedoom, michoro na ramani huria za kuujaza msimbo ule. Leo Doom inachezwa kwenye karibu kila mashine yenye skrini, kwa sababu yeyote mwenye mashine mpya anaweza kuuchukua msimbo na kuurekebisha uifae. OpenTTD ilipita njia kama hiyo. Ilianza mwaka 2004 kwa kuandikwa upya kwa Transport Tycoon Deluxe, mwanzoni ukihitaji michoro ya gemu ya zamani ili uicheze, mpaka kufikia 2010 ikawa na michoro na sauti zake huria. Naicheza mara kwa mara. Reli zangu huwa zinakutana vibaya kwenye makutano yaleyale, na napenda kukaa nikizinyoosha polepole. Sijawahi kuwaza kwamba ipo siku itauliza seva kama nina haki.

Halafu 0 A.D. Hii ni gemu ya mikakati ya zama za kale, wazo lililoanza mwaka 2001 kama nyongeza ya gemu nyingine, kisha ikawa gemu kamili, na mwaka 2009 msimbo wake ukafunguliwa. Mpwa wangu ndiye aliyeipenda kabla yangu. Mwaka 2018 Wakushi, watu wa ufalme wa kale wa Kushi katika Sudan ya leo, waliongezwa ndani yake, na yeye hachagui wengine. Ana piramidi zake, zile ndefu zenye miteremko mikali, na tembo wake wa vita. Aliponiuliza ni nani aliyewaweka Wakushi humo, nilimwambia ni watu wa kujitolea walioketi wakasoma historia. Akauliza kama hata yeye anaruhusiwa kuongeza kitu. Nikamwambia ndiyo, nikamfungulia folda, nikamwonyesha faili ya maandishi yenye bei ya askari wa mkuki: chakula kiasi hiki, mbao kiasi hiki. Akaibadilisha. Akacheza siku nzima akiwa na jeshi la bei chee. Jioni akasema haina raha tena, akairudisha mwenyewe ilivyokuwa. Sikumwambia neno.

Programu nyingine nilizokutana nazo njiani sitazieleza zote. Blender inatengeneza michoro ya 3D, Godot inatengeneza gemu, OBS Studio inarekodi ninavyocheza, Krita nachorea, na zote zinatosha kwa kazi ninazozifanya. Kilichokuwa kikinisumbua ni kitu kingine. Mpwa wangu alikuwa anacheza gemu hizi zote kwa lugha ambayo bado anajifunza, akikisia maana ya vitufe kwa rangi zake.

Nikajiunga na watafsiri wa gemu moja ndogo ya mikakati. Kazi inafanyika kwenye faili za aina iitwayo PO: juu sentensi ya asili, chini mahali pa kuandika tafsiri. Nilidhani nitamaliza kwa wiki mbili. Neno la kwanza lililonisimamisha ni lile la pointi zinazopungua askari akipigwa. Kuziita "pointi za kupigwa" ni kuzipa jina la adui. Nikajaribu "nguvu", lakini nguvu tayari ilikuwa jina la pigo. Nikaandika "uhai", nikalala nalo, asubuhi likawa bado linapendeza. Jengo nalo lina pointi hizohizo. Kwa jengo nikaandika "uimara". Kupanda ngazi nikaandika "amepevuka", na hilo nalipenda mpaka leo, maana askari aliyepita vita tatu kweli amepevuka.

Kisha nikafika kwenye sentensi fupi kuliko zote. Kwa lugha ya asili ilikuwa namba na neno moja tu lenye maana ya vilivyobaki. Gemu inaitumia popote: adui waliobaki, mawe yaliyobaki, nyumba zilizobaki, miti iliyobaki. Faili ya PO ilinipa nafasi mbili, ya umoja na ya wingi, kana kwamba wingi ni mmoja. Lakini mimi niandike nini? Adui wamebaki. Mawe yamebaki. Nyumba zimebaki. Miti imebaki. Viazi vya kulishia jeshi vimebaki. Sentensi moja ya kwao ni sentensi tano za kwetu, na yoyote nitakayoichagua itakuwa sahihi mara moja na kosa mara nne. Nilifikiria kukwepa kwa kuandika "Salio: 3", kama watu waliouawa vitani ni akaunti ya benki. Sikuweza.

Nikaandika taarifa, kama nilivyofanya kwa maji meusi. Nikaeleza ngeli. Nikaweka mifano, nikaeleza kwamba kitenzi chetu lazima kijue kinamzungumzia nani kabla hakijafungua mdomo. Nikaomba sentensi hiyo igawanywe, kila mahali inapotumika iwe na alama yake ya muktadha. Kwa siku tatu hapakuwa na jibu, nikaanza kujiandaa kwa "Salio". Siku ya nne msanidi mmoja akaniuliza maswali mawili: je, majina ya askari wa kike na wa kiume hutofautiana hapo, na je, wanyama hufuata kundi la watu au la vitu? Nikamjibu kwamba la kwanza hapana, na la pili wanyama hufuata watu: ng'ombe wamebaki. Akaigawa. Watafsiri wa lugha nyingine mbili wakashukuru, kwamba nao walikuwa wakiumia kimyakimya na sentensi ileile.

Toleo jipya lilipotoka nililisakinisha kwenye kompyuta ya mpwa wangu bila kumwambia, nikabadilisha lugha kwenye mipangilio, nikakaa kwenye kiti cha nyuma na kitabu nisichokisoma. Akacheza. Akajenga, akavuna miti, akapeleka watu wake mtoni. Vita ikaanza upande wa kulia wa ramani, na kwenye kona ya juu namba ikawa inashuka. Akainama karibu na skrini, akasoma kwa sauti bila kugeuka.

"Mjomba, wamebaki watatu tu!"

Akaendelea kupigana.